Mashine Zimelala Maabara, Alizeti ya Singida Inasubiri Majibu

Ukipanda basi Singida mjini kuelekea Nzega, mbele kidogo utaanza kuyaona. Madumu ya mafuta ya alizeti yamepangwa kando ya lami, ya lita tano, ya lita ishirini, jua linayapiga mpaka yanang'aa. Basi likisimama tu, vijana wanayanyanyua hadi dirishani. Abiria anaangalia rangi, ananusa kifuniko, anaomba apunguziwe, ananunua. Kipimo ndicho hicho, macho na pua.

Baba yangu mdogo anakamua alizeti maeneo ya Misigiri, wilaya ya Iramba. Ana mashine moja, chujio moja, vijana wawili na mke ambaye ndiye mhasibu. Mwaka jana alipata kitu ambacho kila mkamuaji mdogo anakiota: oda ya kudumu. Shule moja ya bweni upande wa Mwanza ilitaka mafuta kila mwezi. Ila mwenye kununua alitaka karatasi ya maabara kwanza, yenye majibu ya mafuta yale.

Baba mdogo akajaza chupa, akaifunga kwa nailoni mara tatu, akamkabidhi konda. Majibu yalirudi baada ya wiki sita. Asidi imezidi. Basi. Mstari mmoja, na muhuri. Kufikia siku hiyo pipa lililotoa ile chupa lilikuwa limeshauzwa lote, hakuna aliyekumbuka mbegu zake zilitoka kwa mkulima gani, na shule ilikuwa imeshapata mtu mwingine. Hela ya kipimo na ya kutuma mzigo ikaenda na maji. Alichoniuliza siku nilipofika nyumbani ndicho kimenifanya niandike makala hii: "Mama, wewe unasoma hizo kemia. Asidi imetoka wapi? Mimi sijaweka asidi."

Mimi ni mwanafunzi wa ualimu, masomo ya kemia na baiolojia. Swali la baba mdogo nilikuwa nalijua jibu lake tangu mwaka wa kwanza. Mafuta yanatengenezwa na asidi za mafuta zilizofungwa pamoja na gliseroli. Mbegu ikivunwa mbichi, au ikinyeshewa ikiwa kwenye gunia, kimeng'enya kilichomo ndani ya mbegu yenyewe kinaanza kuzikata zile asidi moja moja, zinabaki huru. Hakuna aliyeweka asidi. Unyevu ndio umefungua mlango. Kwa hiyo jibu nilikuwa nalo, ila nisingeweza kumwambia ni gunia lipi limemwangusha. Hapo kinahitajika kipimo.

Nikajipa moyo. Niliporudi masomoni nikaenda kwenye maabara ya chuo kimoja, si lazima nikitaje. Nikaonyeshwa mashine imefunikwa kitambaa cheupe kama maiti. Ni mashine ya kromatografia ya gesi, ile inayoweza kukuambia ndani ya mafuta kuna asidi gani na kwa kiasi gani. Fundi wa maabara alikuwa mtu mwema sana, aliniambia ukweli wote bila kunizungusha. Gesi imeisha tangu mradi uliouleta mtambo ufungwe. Aliyefundishwa kuiendesha yuko masomoni nje. Na hata kama vyote vingekuwepo, hakuna utaratibu wa kupokea sampuli ya mtu wa nje wala akaunti ya kuweka hela yake. "Labda uje na barua," akasema. Barua nimepeleka. Hadi naandika haijajibiwa.

Sasa naomba wanachuo wenzangu tusome pamoja hili jambo, kwa sababu wengi tunaliona kama habari ya watu wa sayansi tu, na si hivyo.

Kutumia kwa pamoja maana yake nini

Vifaa vya utafiti vina tabia moja ya ajabu. Ni ghali kununua, ni ghali zaidi kuvitunza, na muda mwingi havifanyi kazi. Mtambo mmoja unaweza kupima sampuli nyingi kwa wiki, lakini chuo kimoja chenye wanafunzi wachache wa uzamili hakina sampuli za kuushibisha. Wakati huohuo kiwanda kilicho jirani kina sampuli lakini hakina mtambo, wala hakiwezi kununua wa kwake. Kuwakutanisha hawa wawili ndiko kunakoitwa kutumia vifaa vya utafiti kwa pamoja. Linasikika jambo dogo. Lina mambo matatu au manne magumu ndani yake, nitayafikia.

Kwanza tusijidharau, kwani kushirikiana tunajua. Majarida ya kitaaluma tunayosoma kupitia maktaba, vyuo vingi vya Tanzania vinayalipia kwa kuchangia kupitia umoja wa maktaba unaoitwa COTUL. Mtandao wa intaneti wa vyuo na taasisi za utafiti una chombo chake, TERNET. Hakuna anayeona ajabu kwamba chuo cha Mbeya na cha Mwanza wanachangia jarida moja. Lakini taja mtambo wa maabara, kila mtu anashika ufunguo wake.

Mfano ninaoupenda zaidi uko Nairobi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, chini ya mpango wa NEPAD wa Umoja wa Afrika, ulianzishwa mtandao wa sayansi za kibaiolojia kwa Afrika Mashariki na Kati, na kitovu chake kikawekwa kwenye eneo la taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI. Kinajulikana kama BecA. Hoja yao ilikuwa rahisi: badala ya kila nchi kununua mtambo wa kusoma vinasaba utakaokuja kufa kwa kukosa kemikali, tuweke mitambo mahali pamoja, tuweke na mafundi wa kudumu, kisha watafiti waje. Mwaka 2010 wakaanzisha na mfuko wa ufadhili ili mtafiti wa chuo au taasisi ya taifa aweze kukaa pale miezi kadhaa, afanye kazi na sampuli zake za muhogo, maharage au magonjwa ya mifugo, halafu arudi kwao.

Ukiangalia vizuri, mashine haikuwa siri ya pale. Mashine ya aina ile unaweza kuikuta hata hapa kwetu imefunikwa kitambaa. Siri ilikuwa wale watu wanaoiwasha kila asubuhi, wanaojua ikikohoa inataka nini, na wanaomfundisha mgeni. Nimeshafikia kuamini kwamba kitu cha kwanza kinachotakiwa kutumiwa kwa pamoja ni fundi. Mtambo bila fundi ni kabati la bei mbaya.

Mfano mwingine uko mbali zaidi, na nauleta kwa sababu ya ushamba wetu wa kusema "sisi hatuelewani". Kule Yordani kuna mtambo mkubwa wa mwanga unaoitwa SESAME, ulifunguliwa rasmi Mei 2017. Wanachama wake ni pamoja na Iran, Israel, Palestina, Uturuki, Misri, Pakistan na Saiprasi. Nchi ambazo baadhi yake hata mabalozi hazibadilishani zinachangia mtambo mmoja! Na chanzo chake kilikuwa mtumba: Ujerumani ilikuwa inaufunga mtambo wake wa zamani wa Berlin, wanasayansi wakaomba wapewe vipuri badala ya kuvitupa. Bara letu la Afrika, hadi leo, halina mtambo wa aina hiyo hata mmoja.

Mitambo ya namna hiyo imetengeneza kanuni ambayo naona ingetufaa hata kwa vitu vidogo. Kwa mfano ule wa Uingereza unaoitwa Diamond una milango miwili. Mtafiti wa chuo anaandika andiko, likishinda anatumia bure, ila lazima achapishe majibu yake dunia iyaone. Kiwanda hakishindani na mtu, kinalipa bei kamili, na majibu yake ni siri yake. Hela ya kiwanda inasaidia kuendesha mlango wa bure. Nani asiyeona kwamba hapo kila mtu kapata chake?

Kwetu hapa sheria na taasisi zipo

Tusije tukasema serikali haikuwahi kufikiria. SIDO ilianzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, na ina ofisi Singida. TIRDO ilianzishwa mwaka 1979 kwa ajili ya utafiti wa viwanda, ina maabara zake Dar es Salaam zinazopokea sampuli za wenye viwanda. COSTECH ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1986 iratibu sayansi na teknolojia nchini. Arusha kuna Taasisi ya Nelson Mandela iliyoanza kupokea wanafunzi mwaka 2011, na Morogoro kuna Sokoine. Mkemia Mkuu wa Serikali ana maabara za kanda. Tangu 2019 masuala ya usalama wa chakula yako chini ya TBS, na mjasiriamali mdogo akienda na barua ya SIDO anasaidiwa gharama za kupata alama ya ubora kwa miaka ya mwanzo. Hilo ni jambo zuri na baba mdogo mwenyewe amelianza.

Lakini alama ya ubora ina jambo moja ambalo watu hawaliongei. Mkaguzi anakuja, anachukua sampuli, inapimwa, unapewa alama. Mafuta yaliyopimwa ni ya siku ile. Mwezi ujao mkulima mwingine anakuletea magunia mengine, yaliyonyeshewa. Alama iko palepale kwenye dumu, mafuta siyo yaleyale. Anayetaka kulinda jina lake inabidi apime kila shehena, na anayepima kila shehena hawezi kutuma chupa Dar es Salaam, karibu kilomita 700, kila Jumatatu. Viwanda vikubwa havina shida hii kwa sababu vina maabara ndani ya geti. Mkamuaji mdogo ndiye anayebaki na pua yake.

Na tusidhani ni suala la ladha tu. Mwaka 2016 watu waliugua na wengine wakafa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Wamekufa takribani watu 20. Chemba na Kondoa ni majirani zetu kabisa, mvua yetu ni moja na ghala zetu ni za aina moja. Sumukuvu haionekani kwa macho, haina harufu, kupika hakuiondoi. Mwaka 2017 mtafiti Juma Mmongoyo na wenzake, wakishirikiana na Michigan State University ya Marekani, walichapisha utafiti wa mbegu na mashudu ya alizeti kutoka kwa wakamuaji wadogo wa Tanzania, Singida ikiwemo, na sumukuvu waliikuta. Mashudu yanaliwa na ng'ombe, na ng'ombe anatoa maziwa.

Halafu Machi 2021 Kenya ikazuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyohiyo. Baada ya siku chache wakafungua, ila kwa masharti, mojawapo cheti kinachoonyesha sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa kila bilioni. Cheti! Yaani mpaka ule ulifungwa na kufunguliwa kwa karatasi ya maabara. Mkulima aliye na maabara karibu akapita, asiye nayo akabaki na gunia lake. Tangu siku ile mimi nikisikia mtu anasema maabara ni mambo ya kitaaluma, namwangalia tu.

Kwa nini mashine zinalala

Niliuliza watu wengi, wahadhiri, mafundi, wanafunzi wa uzamili. Majibu yanafanana.

Mashine nyingi huletwa na mradi. Mradi una bajeti ya kununua, hauna bajeti ya kuishi. Miaka mitatu ikiisha, gesi inaisha, taa ya mtambo inaungua, na fundi wa kampuni mara nyingi lazima atoke nje ya nchi. Chuo kinaangalia ankara ya matengenezo, kinaangalia madai ya walimu wa muda, unajua kitachagua nini. Hapo ndipo hela ya sampuli za nje ingesaidia, lakini mafundi wananiambia hela ikiingia inazama kwenye akaunti kuu, na kuiomba irudi kununua kemikali ni safari ya miezi. Basi fundi anaona bora asipokee kabisa. Simlaumu. Ukipokea sampuli kumi za wakamuaji halafu kemikali ikaisha katikati, atakayetukanwa ni wewe.

Kuna ithibati. Jibu la maabara linapokubalika mpakani au kwa mnunuzi mkubwa, ni kwa sababu maabara ile imekaguliwa na chombo cha nje kwa kiwango cha kimataifa kinachoitwa ISO/IEC 17025. Kwa nchi yetu chombo kimojawapo kinachotoa ithibati hiyo ni SADCAS chenye makao Botswana. Kuipata kunataka kumbukumbu za kila kitu: nani alipima, mizani ilifanyiwa ugezi lini, joto la chumba lilikuwa ngapi. Maabara ya kufundishia haiwezi kuwa hivyo kirahisi, maana wanafunzi tunavunja, tunachanganya, tunaandika kwenye kiganja. Kwa hiyo ni lazima tutofautishe majibu ya kujua na majibu ya cheti. Mkamuaji anahitaji majibu ya kujua kila wiki, na ya cheti mara chache. Watu wanayachanganya, na matokeo yake hata kile kidogo ambacho chuo kingeweza kufanya hakifanywi kwa sababu "hatuna ithibati".

Na kuna hofu ya kweli. Mhadhiri mmoja aliniambia, "Chuo si kiwanda. Mkianza kupokea sampuli za hela, mwanafunzi atasukumwa pembeni." Nusu ya maneno yake nayakubali. Nimeona maabara ambako mwanafunzi wa mwaka wa tatu hajawahi kugusa mtambo, anausoma kwenye picha. Kama sampuli za nje zitaongeza foleni bila kuongeza siku za kazi, sisi ndio tutakaoumia. Lakini nusu nyingine siikubali, maana sasa hivi mtambo umelala na mwanafunzi bado hajaugusa. Siku ambazo mtambo unafanya kazi ndizo siku ambazo kuna mtu wa kumwonyesha mwanafunzi. Na kwa kweli, tafiti zetu za mwaka wa mwisho ni zilezile kila mwaka, chumvi kwenye maji ya bomba la hosteli. Wape watu mafuta ya Misigiri, Shelui na Ikungi uone kama hawatasoma!

Siku ya bureti

Mwezi wa saba nilikwenda BTP kwenye sekondari moja ya kata hapa mkoani. Ile ni mojawapo ya shule zilizojengewa maabara baada ya agizo la Rais Kikwete la mwaka 2012, kwamba kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu. Wazazi walichanga, wengine walichukuliwa hadi kuku. Jengo lipo, kabati lipo, ndani ya kabati kuna bureti kumi na mbili ambazo hutolewa ukikaribia mtihani wa taifa wa kidato cha nne, zinaoshwa, zinatumika wiki moja, zinarudi.

Siku moja nikiwa nawafundisha kidato cha tatu titresheni, ghafla nikajicheka. Kipimo cha asidi kilichomwangusha baba mdogo ni hikihiki! Asidi dhidi ya besi, kiashiria, rangi inabadilika, unasoma bureti. Mtambo wa kitambaa cheupe ni kwa maswali makubwa zaidi. Kwa swali la baba mdogo nilikuwa nimesimama mbele ya jibu na chaki mkononi.

Nikamwomba mkuu wa shule ruhusa, akakubali mradi kemikali nijinunulie. Ethanoli nikaagiza kwa rafiki Dodoma kwa hela ya boom, Mungu anisamehe kwa ile wiki niliyokula mihogo. Sodiamu haidroksaidi ilikuwepo shuleni, na fenolifthaleini, ile ambayo kila mtu aliyesoma kemia Tanzania anaiita POP, ilikuwepo pia.

Nitaeleza jinsi inavyofanyika kwa sababu mwalimu mwenzangu anayesoma hapa anaweza kuifanya kesho. Unapima gramu 10 za mafuta kwenye flaski. Unaongeza ethanoli ambayo umeshaisawazisha kwanza isiwe na asidi yake. Unapasha kwa kuweka flaski kwenye maji ya moto, si kwenye moto wenyewe maana ethanoli inashika, unatikisa. Unaweka matone ya POP. Halafu unateremsha besi ya 0.1 M kutoka kwenye bureti polepole, unatikisa sana, mpaka rangi ya waridi itokee na isimame nusu dakika. Unasoma mililita. Hesabu yake: 56.1 mara mililita mara 0.1, gawanya kwa 10. Kiwango cha kimataifa cha Codex kwa mafuta yaliyokamuliwa bila kusafishwa kiwandani ni kisichozidi 4. Maana yake, ukitumia vipimo hivi, bureti ikipita mililita 7 na kidogo, mafuta yameanguka. Mtoto wa kidato cha tatu anaweza kulisoma hilo.

Baba mdogo alileta chupa mbili kwa bodaboda. Ya kwanza ilitoka kwenye mbegu zilizoanikwa kwenye turubai na kukauka vizuri. Ya pili ilitoka kwenye magunia aliyonunua kwa bei ya kutupa kutoka kwa mtu aliyevuna mapema. Chupa ya kwanza ikasimama mililita 3.2. Wanafunzi wakapiga hesabu ubaoni, 1.8. Chupa ya pili tukapita 5, tukapita 7, waridi inakuja inapotea, 8, 9, ikasimama 9.6. Hesabu, 5.4. Darasa likawa kimya. Baba mdogo alikuwa amekaa nyuma kwenye stuli, kofia mkononi. Kila msimu alikuwa anamimina shehena zote mbili kwenye pipa moja.

Mvulana mmoja wa mbele akasema kwa sauti, "Kumbe Madam, hii kitu ina kazi!" Nilicheka, lakini usiku nilifikiria. Tumefundishwa miaka yote kuwaambia kemia ni maisha, na mfano tunaotoa ni sabuni.

Sijapima sumukuvu, na sikuweza. Ile inataka vifaa vingine, na majibu yake si ya kuchezea shuleni. Wala sijapima peroksaidi, ambayo ndiyo ingetuambia yale madumu ya barabarani yanafanywaje na jua. Hapo ndipo chuo kinapohitajika, na hapo ndipo hesabu ya kuchangia inapoonekana. Mtambo unataka kuwashwa, kusubiriwa upate joto, kupimishwa na sampuli za kulinganishia, kisha ndipo upokee sampuli yako. Kazi hiyo ni ileile uwe na chupa moja au chupa ishirini. Baba mdogo akipeleka chupa moja anabeba gharama yote peke yake. Wakamuaji ishirini wakipeleka siku moja, kila mmoja anabeba kipande. Wakamuaji wa alizeti wa Kanda ya Kati tayari wana chama chao, CEZOSOPA. SIDO iko mjini. Mabasi ya Dodoma yanatoka kila asubuhi, ni kama kilomita 240 za lami. Ninachokiwaza ni kitu cha kawaida kabisa: siku moja kwa mwezi chupa zikusanywe sehemu moja Singida, vipimo vya bureti vimalizwe hapohapo, zinazohitaji mtambo ziende Dodoma kwenye boksi moja. Wanafunzi wa kemia walioko field wafanye kazi hiyo wakiwa na fundi, wapewe na alama zao. Chuo kifungue akaunti ya maabara ambayo hela yake inanunua gesi na kemikali tu, na orodha ya mitambo iliyo hai ibandikwe mahali ambapo hata mtu wa Misigiri anaweza kuiona. Nimeliandika hilo pia kwenye barua, ukurasa wa pili.

Serikali ya wanafunzi nayo ina kiti kwenye vikao vya chuo. Huko tunabishana kuhusu msosi wa kafeteria na kukatika kwa maji, na ni haki yetu. Sijawahi kusikia mtu ameuliza ni mitambo mingapi ya maabara inafanya kazi mwaka huu. Nimemwomba mwakilishi wetu aulize. Amesema ataliingiza kwenye mengineyo.

BTP yetu iliisha mwezi wa nane. Baba mdogo sasa ana mapipa mawili, moja kaliandika kwa chokaa "kavu", jingine halina jina. Ameanza kuwakatalia wakulima wa mbegu mbichi, na baadhi wamemkasirikia, wanapeleka kwa jirani ambaye hauliziulizi. Siku ya kuaga shuleni alikuja na dumu la lita tano kwa ajili ya walimu. Akanivuta pembeni.

"Sasa mama, wiki ijayo kuna mzigo unaingia kutoka Kinampanda. Nitampelekea nani?"

Mwalimu wa kemia pale shuleni ni mmoja, ana vipindi vya kidato cha kwanza hadi cha nne. Ethanoli ilibaki kidogo chini ya chupa. Bureti niliziosha, nikazihesabu, zikawa kumi na mbili, nikazirudisha kabatini na ufunguo nikamkabidhi mkuu wa shule.